Mrejesho: nilivyoprinti kesi ya Hola steshenari moja Sinza, naipa nyota tatu na nusu

Naanza na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtakachouliza. Kurasa 150 za mjadala wa bunge la Uingereza kuhusu vifo vya gereza la Hola, Kenya, nyeusi nyeupe, mia mia, inakuja 15,000, spairo na kava la plastiki buku tatu, jumla 18,000, nikalipa kwa simu na makato yakawa juu yangu. Kwa Sinza hiyo ni bei ya kawaida tu, kule karibu na vyuo unaweza kupunguziwa ukiwa na mzigo mkubwa, ila foleni yake msimu wa ripoti za fildi uende na kiti chako.

Jina la steshenari silitaji, nina ya kusifu na nina ya kulaumu na sitaki dogo wa watu afukuzwe kazi kwa ajili yangu. Ni zile fremu ndogo mnazozijua, mashine mbili, moja inapiga kazi na nyingine imefunikwa khanga, feni ya ukutani inampepea dada wa kaunta peke yake, kwenye kioo wamebandika pasipoti saizi za watu ambao nadhani hawakurudi kuzichukua. Dada anauza vocha, bahasha za kaki na barafu. Kazi zote za kompyuta anafanya dogo mmoja hivi, mwembamba, ana spidi ya ajabu kwenye kibodi na ana mdomo pia.

Sasa nilikuwa naprinti nini. Hapa mtaani kwetu kuna mzee jirani yangu, askari magereza mstaafu, kila jioni tunakaa nae kwenye kibaraza cha duka tunabishana mpira na siasa. Siku moja tukawa tunaongelea Mau Mau, mi nikaropoka kwamba Waingereza waliondoka Kenya kwa sababu ya vita msituni tu, mzee akaniambia kijana wangu vita ya msituni ilishakwisha nguvu zamani, kilichowaaibisha ni gereza. Gereza gani mzee? Hola. Nikagugo usiku ule nikakuta kumbe mjadala mzima wa bunge lao kuhusu hiyo Hola upo mtandaoni bure, neno kwa neno, kila mbunge alichosema. Nikamwambia mzee nikutumie wasap? Akaniangalia kama nimemtukana. Yeye kwenye simu anasoma meseji za kuongezewa salio tu, macho hayaruhusu. Anataka karatasi, na anataka herufi kubwa.

Kwa ambao hamjui niwape kwa ufupi halafu tutarudi kwa dogo. Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya, watu kwa maelfu wakakamatwa wakawekwa kizuizini bila kesi, wakawa wanasukumwa kambi moja hadi nyingine mpaka wakiri kiapo cha Mau Mau na wakubali kufanya kazi. Waliogoma kabisa, wale wabishi wa mwisho, wakarundikwa Hola, kule chini kando ya mto Tana, joto na mbu. Mwaka 1959 hiyo, vita msituni imeshatulia miaka, lakini hali ya hatari bado haijafutwa. Ofisa mmoja wa magereza anaitwa Cowan akaandika mpango, kwamba watolewe kwa makundi waende kuchimba mfereji wa umwagiliaji, anayegoma alazimishwe. Tarehe 3 Machi 1959 wakatolewa watu themanini na kitu, wakapewa majembe, askari wakapewa marungu. Jioni watu 10 wamekufa, wa 11 akafuatia.

Kesho yake serikali ya Kenya ikatoa taarifa kwa magazeti kwamba vifo vimetokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji. Maji! Na wakaongezea kwamba maji hayohayo walikunywa na askari, sasa we msomaji jaza mwenyewe ilikuwaje yakaua wafungwa tu. Daktari aliyepasua maiti hakukuta sumu wala maji, alikuta vipigo, watu wamevilia damu mwili mzima. Uchunguzi wa hakimu ulipotoka mwezi Mei ikawa hamna tena pa kujificha.

Ndo bunge la London likaingia. Lilikaa mara mbili kwa hii ishu, tarehe 16 Juni, halafu tena usiku wa tarehe 27 Julai ukaingia hadi usiku wa manane wa 28. Mimi nikachukua yote mawili, nikayaweka kwenye Word, herufi 16, nikaenda Jumamosi saa nne asubuhi.

Dogo akachomeka flashi, kwanza ikakutwa na virusi, akaisafisha bila kuniuliza na bila kunichaji, hapo nikampa alama. Akauliza, kaka upande mmoja au pande mbili? Nikamwambia upande mmoja, ni ya mzee, akigeuza asisumbuke. Akasema sawa. Akaprinti pande mbili. Kurasa 20 za kwanza zimetoka pande mbili mi nipo nje napokea simu. Nilivyorudi nikamwambia mdogo wangu tulikubaliana nini, akajishika kichwa, akazigeuza zile karatasi kuwa za rafu akaanza upya, hela hakudai. Tukaenda vizuri mpaka kama saa tano na nusu umeme ukakata. Hamna jenereta. Dada wa kaunta akasema unarudi sasa hivi, nikakaa kwenye benchi, nikanunua barafu ya ukwaju (mia mbili, nzuri, hii naipa nyota tano peke yake), umeme ukarudi saa nane kasoro.

Lakini hapo katikati ndo nilipoanza kumpenda yule dogo. Mashine imezima, yeye kakaa na zile kurasa zilizotoka anasoma. Kiingereza chake cha kawaida kama changu ila anakomaa. Akaniuliza, kaka hawa jamaa walikufa kwa maji kweli? Nikamwambia soma mbele. Kimya. Baadae akaniambia, hii kesi inafanana na zile za bosi akikosea anasema mtandao ulikuwa chini. Nikacheka mpaka dada wa kaunta akatuangalia vibaya.

Mashine ikawaka, karatasi zikakwama mara mbili, akazitoa, akaendelea, akatoboa, akapiga spairo, na akanifanyia kitu sikumwomba, akachapa kava la mbele kwa herufi kubwa KESI YA MAJI, chini yake HOLA 1959. Kiwango cha kava la ripoti ya fildi, na fremu ya maua pembeni. Nikalipa nikaondoka.

Sasa lawama. Jumapili jioni mzee ananipigia simu. Shikamoo mzee. Marahaba, kijana wangu hiki kitabu chako kina shimo. Shimo gani? Ukurasa wa 112 mtu anaanza kuongea, ukurasa unaofuata ni 121 mtu mwingine anamalizia. Kurasa nane hamna. Nikajua palepale, ni pale karatasi zilipokwama, dogo alivyorudisha akaanzia mbele ya alipoishia. Na mimi mjinga sikuhesabu. Nikafungua faili kwenye simu nione kimekosekana nini. Aisee! Kilichokosekana ni hotuba ya Enoch Powell karibu yote.

Niwaambie kwa nini hiyo inauma. Mjadala wote ule ukiusoma, upande wa Labour, chama cha upinzani, wanapiga kelele walivyotarajiwa kupiga kelele, mbunge wao Barbara Castle kakomaa na hili suala la kambi za Kenya kwa miaka, hamna wa kumshangaa. Upande wa serikali wanajitetea, waziri wa makoloni Lennox-Boyd anazunguka, mbunge wao mwingine kafikia kuwaita wale marehemu sijui watu wa chini ya ubinadamu. Halafu saa saba na ushee usiku, wengi wamechoka wameenda kulala, anasimama Powell, mbunge wa chama hichohicho kinachotawala, na anachofanya ni kitu cha kikarani kabisa. Anafungua makaratasi ambayo serikali yenyewe imeyachapisha, anayasoma moja moja, nani aliandika nini na ikaenda kwa nani. Kwenye yale makaratasi mkuu wa magereza alishawaandikia wakubwa mapema kwamba mpango wa Cowan wanaweza kuufanya, lakini utahitaji kutumia nguvu kiasi, na kwenye shughuli hiyo kuna mtu anaweza kuumia au hata kufa. Imeandikwa! Kabla! Na mawaziri wa Nairobi wakaupitisha. Kwa hiyo Powell anasema hapa msimtwishe mkuu wa kambi peke yake, jukumu limepanda juu mpaka kwa wanasiasa na huko ndiko likae. Kuhusu lile neno la chini ya ubinadamu akasema ni mafundisho ya kutisha, mtu kukaa kuhukumu binadamu mwenzake kwamba kwa kuwa alikuwa hivi na hivi basi kifo chake kisihesabiwe kama kifo cha wengine. Na akasema hatuwezi kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, viwango vya Kiasia Asia, na labda viwango vya Kiingereza huku nyumbani. Denis Healey, ambaye alikuwa chama pinzani, alikuja kusema ndo hotuba kali kuliko zote alizowahi kuzisikia bungeni.

Hizo ndo kurasa nane nilizouziwa hewa.

Jumatatu nikarudi steshenari nimevimba. Dada wa kaunta akaanza, sasa kaka si ungehesabu kabla hujaondoka. Hapo nikatoa nyota nzima, hapohapo, mteja hahesabiwi kosa la mashine yako. Dogo akatokea nyuma, akasikiliza, hakujitetea hata kidogo. Akasema kaka nipe dakika kumi. Akaprinti zile nane, akafungua spairo, akaziingiza, akahesabu moja moja kwa sauti mpaka 150 mbele yangu kama anahesabu noti, akafunga. Hakuchukua hata mia. Nikampa buku ya soda akakataa kwanza akachukua baadae.

Na akaniuliza iliishaje. Nikamwambia hamna aliyeshtakiwa. Mkuu wa kambi alistaafishwa, kiinua mgongo chake hakikuguswa. Upinzani walitaka tume huru ya majaji ichunguze, serikali ikakataa, ikaunda kamati zake za ndani, moja ya nidhamu na nyingine ya kuangalia mustakabali wa kambi. Dogo akasema, ah, kwa hiyo waliunda kamati. Kwa sauti ileile ambayo sisi wote hapa Dar tunaitumia tukisikia neno kamati.

Kuhusu bidhaa yenyewe sasa, maana mrejesho sio wa steshenari tu, kama na wewe unataka kuusoma huo mjadala. Unasomeka, ila uvumilivu uwe nao. Kila mtu anamwita mwenzake mheshimiwa rafiki yangu mbunge wa wapi sijui, hamtaji jina, unapotea nani anajibu nani. Kurasa 40 za mwanzo za Juni unaweza kusinzia, ruka. Kikubwa kinachokera ni kwamba wanaume 11 wamekufa na sauti ya mfungwa mwenyewe utaitafuta kwa tochi. Wanaongelewa tu. Nani alikuwa nani, alitoka kijiji gani, aliacha watoto wangapi, hayo hamna. Mzee aliligundua kabla yangu. Yeye kasoma na kalamu nyekundu mkononi kama anasahihisha mtihani, kila penye neno rungu kapiga mstari, pembeni kaandika saini ya nani? Nilivyomuuliza akaniambia kwa magereza alivyofundishwa yeye, kifaa hakitoki stoo bila mtu kusaini, na asubuhi askari wakitoka na marungu kwenda na watu mferejini, kuna kitabu kimeandikwa. Hicho kitabu ndo anachokitaka. Anasema bunge zima lilibishana kuhusu barua za wakubwa na hakuna aliyeuliza kitabu cha stoo.

Hoja nyingine mzee aliyonifungua macho ni ya miezi. Julai 1959 wanabishana kule London, Oktoba mwaka uleule Nyerere kasimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria hapa Dar anasema sisi tunataka kuwasha mwenge tuuweke juu ya mlima Kilimanjaro. Mzee alikuwa mtoto wa shule, anasema mwalimu wao aliwasomea. Mwezi huohuo kule Uingereza wakafanya uchaguzi, chama cha Powell kikashinda tena, Lennox-Boyd akaondoka wizara ya makoloni akaingia Iain Macleod, na mambo yakaenda mbio, Januari 1960 hali ya hatari ikafutwa, sisi Desemba 1961 tayari uhuru, Kenya Desemba 1963. Mi sisemi ni Hola peke yake iliyofanya hivyo. Ila ukisoma zile kurasa unaona watu waliokuwa wanajiamini kabisa wameanza kushikwa na aibu hadharani.

Na Powell huyuhuyu, msije mkamfanya mtakatifu, 1968 alisimama Birmingham akatoa hotuba dhidi ya wahamiaji weusi na Wahindi mpaka kiongozi wa chama chake akamtimua kwenye baraza kivuli la mawaziri. Nilivyomwambia mzee alikataa kuamini, nikamwonyesha kwenye simu, akavua miwani akaifuta, akavaa tena akasoma tena. Akasema basi yule wa saa saba usiku alikuwa mtu mwingine. Hatujaelewana hapo mpaka leo, mi nasema ni mtu yuleyule, aliumia heshima ya dola yake zaidi kuliko alivyoumia wale 11. Mzee anasema nia ya mtu mwachie Mungu, angalia alichoandika kwenye karatasi.

Kwa wanaopenda mwendelezo, kesi haikuishia pale. Waliosalimika waliifungua mahakama ya London wakiwa wazee kabisa, mmoja wao Wambugu wa Nyingi ambaye alikuwa Hola siku ileile akapigwa mpaka kupoteza fahamu. 2011 ikabainika serikali ya Uingereza ilikuwa imefungia mafaili ya makoloni sehemu inaitwa Hanslope Park, kumbe makaratasi yalikuwepo muda wote. Kwenye ushahidi wa zama hizo kuna barua ya 1957 ya mwanasheria mkuu wa Kenya kwa gavana, anasema kama tunatenda dhambi basi tuitende kimyakimya. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje akasimama bungeni akasema wanasikitika, fidia pamoja na gharama za kesi jumla pauni milioni 19.9, kwa watu 5,228. Toeni kwanza gharama za kesi halafu gawanyeni wenyewe muone kila mzee kaondoka na ngapi, halafu miaka imepita zaidi ya 50.

Haya, alama zangu. Bei, sawa. Spidi, umeme ukiwepo nzuri. Ubora wa wino mzuri, haupakazi hata ukipitisha kidole chenye jasho, nimejaribu. Spairo imara, mzee anakunja kitabu nyuma kwa nyuma na haijakatika. Huduma ya kaunta mbovu, dada ajifunze kusema pole. Dogo ni dhahabu, mwenye duka kama unasoma hapa mwongeze mshahara na umnunulie jenereta. Nyota tatu na nusu, na ile nusu ni ya dogo peke yake. Hesabuni kurasa kabla hamjalipa.

Nitarudi tena maana mzee keshaagiza mzigo wa pili, anataka zile nyaraka zenyewe ambazo serikali ilizichapisha mwaka ule kuhusu Hola, zina namba zake, Cmnd. 778 na Cmnd. 816. Dogo nimeshampigia kaniambia nimpelekee faili.

Nilipita kwa mzee jana kurudisha miwani yake aliyoisahau kibarazani. Kitabu kipo juu ya meza, kimeshapata doa la chai. Nikaangalia kava la dogo, lile lenye maua. Mzee kachukua ile kalamu nyekundu na kwenye neno MAJI kaweka alama za kufungua na kufunga semi.